Kasoko ya Alphonce

Bremen, 4 Machi 2024

Mama mpendwa,
Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Mimi mzima, baridi tu ndiyo inanionea. Mama, kaa chini kwanza. Kamati ya majina imekubali kasoko moja ya mwezini, shimo pana lililochimbwa na jiwe la angani, iitwe Alphonce. Kaka alizeekea kwenye kuchunguza mawe ya mwezi, na kanuni yao inataka mtu awe marehemu kwa miaka isiyopungua mitatu. Sasa ni miaka minne. Jina nimelipeleka mimi. Picha hii hapa: hicho kilima katikati ni cha kwake pia. Jivunie, Mama.
Mwanao, Leonia

Chilangala, 2 Aprili 2024

Mwanangu Leonia,
Marahaba. Sisi wazima, mbaazi zimeanza kuchanua. Nimelia kwa furaha, kisha furaha ikanitoka. Umesahau kwamba jina la kaka yako tulimpa mtoto wa ndugu yako Stefano? Kaka yako mlimzika huko huko, sikuliona hata kaburi. Jina ndilo lililonirudia, ndiyo maana mjukuu huyu namwita mwanangu. Tuliweka fungu la unga wa mtama chini ya mti, asubuhi tukalikuta limesimama vile vile, tukajua marehemu ameridhia. Wewe ulimwomba nani ruhusa?

Tangu wiki ya barua yako mtoto haitiki. Nikimwita Alphonce anautazama mwezi wa mchana. Hospitalini Masasi wamempima masikio, hayana kitu. Juzi akaniambia, "Mama, huku hakuna upepo." Nikaweka unga tena. Asubuhi ulikuwa na shimo, na kilima kidogo katikati. Unyayo wa kuku sikuuona, wala wa sisimizi. Nikaiweka picha yako kando yake, vinafanana.

Jina la marehemu tunaliweka mahali pamoja tu, unajua vizuri. Liondoe. Na usipige simu, haya si ya kusemwa kwenye simu.
Mama yako, Veridiana

Bremen, 25 Aprili 2024

Mama,
Shikamoo. Nilitaka kukucheka, nikashindwa. "Hakuna upepo" ni maneno ya mwisho ya kaka, wodini, tukiwa wawili tu. Sijawahi kumwambia mtu. Naogopa, Mama. Leo hii naiandikia kamati walifute jina.
Mwanao, Leonia

Chilangala, 20 Mei 2024

Mwanangu,
Marahaba. Hatujambo, tena leo kweli hatujambo. Usifute! Mtoto alikataa kula, mwili ukawa wa baridi jua likiwa utosini. Wazee wa ukoo wakakaa, tukamvua jina. Tumemnyoa, tumemwita Yeremia. Hapo hapo akaitika, akaomba uji.

Mimi nimeumia, maana sasa yeye ni mjukuu tu. Lakini kaka yako ana mahali pake huko juu, liache jina likae.
Mama yako, Veridiana

Bremen, 22 Mei 2024

Mama mpendwa,
Shikamoo. Furahi! Asubuhi hii wamelifuta. Kasoko imerudishiwa namba yake ya zamani. Mwite mtoto sasa, ataitika.
Mwanao, Leonia

Chilangala, 19 Juni 2024

Mwanangu Leonia,
Marahaba. Barua zetu zimepishana njiani. Yeremia mzima, anakula, lakini Stefano amemhamishia Newala mjini. Nitakueleza sababu, na sikulaumu.

Tarehe ishirini na mbili Mei, barua yako haijafika, nilikuwa uani napepeta mtama. Kwa mazoea nikaita, "Alphonce, njoo ule." Yeremia alikuwa miguuni pangu, hakugeuka. Sauti ikaitika nyuma ya mlango, ya mtu mzima. Sauti ya mwanangu naijua. Ikasema, "Mama, nikae wapi?"

Yeremia akaniuliza, "Bibi, nani huyo?" Basi si masikio yangu ya uzee.

Nimeangalia tarehe ya barua yako, ni siku ile ile. Tangu hapo kaka yako anauliza kila mchana, kwa adabu, kama alivyokuwa akiomba maji. Simwogopi, ni mwanangu. Ninachoshindwa ni kumjibu. Njoo nyumbani, Leonia, uje umjibu wewe.
Mama yenu, Veridiana