Kamba ya Kivuli cha Baba

Kutsumadi, Morea,
20 Agosti 1677

Mpendwa kaka Stamati,

Pokea salamu zetu kutoka nyumbani. Je, kifua chako kimepona, au ukungu wa Venisi bado unakutesa? Mimi, mke wangu Zafiro na watoto tu wazima, na mizabibu imebeba vizuri mwaka huu. Ila Baba, sijambo yake ni ya mdomoni tu.

Barua yako ilifika. Padri Gerasimo aliisoma mbele ya watu baada ya ibada. Tuliposikia kwamba Bwana Bernardo, yule mgeni wa vuli iliyopita, anachapisha kitabu cha safari zake katika nchi za Wagiriki na Waturuki, na kijiji chetu kimo, tulishangilia. Kisha padri akasoma kwamba bwana huyo anajenga nyumba, na msingi utachimbwa Oktoba. Baba akachukua fimbo yake, akaenda kulala. Tangu siku hiyo hali kitu ila mkate uliolowekwa kwenye divai.

Hukuwapo, basi nikueleze. Bwana huyo alitaka kujua urefu wa zile nguzo tatu za kale bila kuzipanda. Akamsimamisha Baba juani, akapima kivuli chake kwa kamba, kisha akapima cha nguzo, akaandika hesabu zake. Kamba akaitia mfukoni, akaondoka nayo.

Umelelewa hapa, unajua wafanyavyo waashi. Wakiiba kivuli cha mtu kwa kamba na kuizika chini ya jiwe la msingi, nyumba husimama imara, na mwenye kivuli hamalizi mwaka. Siku ile tulicheka, maana mgeni hakuwa mwashi.

Shangazi Vasilo naye hanipi nafasi ya kupumua. Jana alinifokea kisimani: "Mlimchinjia mbuzi, naye kamtia kaka yangu mfukoni! Haya, chekeni tena!"

Nilichukua ndoo yangu nikaondoka, kwa sababu kuna jambo asilolijua. Aliyeshika ncha ya pili ya kamba ni mimi, Stamati. Bwana aliniashiria, nikainama penye kichwa cha kivuli cha Baba, nikaikaza vizuri ili asikosee. Naona aibu hata kukuandikia.

Nakusihi, nenda kwa bwana huyo kabla hawajachimba. Piga magoti ikibidi. Ni kamba ya katani, ina fundo jekundu katikati. Mpe nahodha wa meli ya Patra, nami nitaipokea bandarini mwenyewe.

Ukiikosa, kata nyingine, uitie fundo jekundu. Macho ya Baba yamefifia, na mimi nitaapa mbele yake kwamba ndiyo ile niliyoishika.

Wasalimie shemeji Marieta na mtoto ambaye Baba hajambeba bado. Bikira Mtakatifu awafunike kwa vazi lake.

Ndimi mdogo wako akupendaye,
Lambros

Nimesahau: kamba ikija, usiniandikie ni ipi.