Video Ulimokiri Kufuta Sauti ya Baba

Rwamgasa, Jumapili

Mdogo wangu Mihayo,

Marahaba, maana najua ungeniamkia. Huku tu wazima, ila mbuzi wa Mama amekula sketi ya kwaya.

Wachimbaji hujazana dukani kwangu kutazama video zako za seva ya nyumbani, ile kompyuta yako ya kuhifadhia mafaili, ingawa hakuna hata mmoja mwenye kompyuta. Nasibu, mponda mawe, husema, "Wengine wote mtandaoni wanauza. Huyu kitu chake kikiharibika, anasema kimeharibika." Yale maoni ya shukrani yenye herufi kubwa tupu ni yake.

Ile ya juzi tuliiwasha Mama akiwa ameketi mbele kabisa. Ukakiri kwamba ulikosea ulipokuwa ukipanga seva upya, ukaifuta sauti ya marehemu Baba. "Nyumbani sijawaambia," ukasema. Duka zima likamgeukia Mama.

"Amewaambia watu elfu kumi," akasema, "akaniogopa mimi?"

Kumbe ndiyo maana hujakanyaga nyumbani miezi minane!

Sasa sikiliza. Wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba nakala moja haitoshi, nami nilikutii: sauti ya Baba ninayo kwenye flashi. Nikaifungulia pale pale. Baba akawagombeza ng'ombe wake dakika nne nzima. Wachimbaji walicheka, Mama akafuta machozi kwa kanga.

Nikataka kukutumia kwa simu, akanishika mkono. "Usimtumie. Aje aichukue mwenyewe, na akae wiki."

Dada yako anayekupenda,
Zipora