Mama Mkwe Ananisalimia Kila Asubuhi na Mimi Siitikii

Mpendwa Mama Kwandu, naomba unisaidie kabla pamba yetu haijauzwa, kwa sababu ikishauzwa naona tutakuwa tumechelewa. Mimi ni mama wa kaya huku Nkoma, nimeokoka, naimba kwaya, mume wangu Athanasi ni mzee wa kanisa na nyumbani kwetu hatulali bila kusali, na sisemi haya kwa kujisifu, nasema ujue anayekuandikia ni mtu wa namna gani, maana sasa hivi hata mimi sijielewi.

Mwezi wa pili mtoto wetu Elia alishikwa na homa. Mama mkwe wangu, mayu Nyanjige, tunaishi naye kaya moja, akasema apelekwe zahanati, mume wangu akasema tumkabidhi Mungu kwanza, nikakubali, tukafunga na kuomba mpaka mtoto akaingia degedege, ndipo bibi yake akamfunga mgongoni bila kuuliza mtu akaondoka naye kwa miguu, na mtoto akafia njiani, mgongoni kwake. Baada ya msiba shemeji yangu Constantine akasema kifo hiki si cha bure, mbona mtoto amefia kwa bibi, wakamleta nfumu wa kuku, mganga wa ramli. Kwetu kila mtu wa kaya anatemea mate mdomoni mwa kifaranga, halafu kinapasuliwa, nfumu anasoma ndani yake nani kafanya nini. Nilisema mimi ni Mkristo, sitemi. Mume wangu akaniambia polepole, "Tema tu, tutatubu Jumapili." Nikatema, na kifaranga chenyewe kilitoka bandani kwangu. Nfumu akasema mkono uko humu humu ndani, ni wa mwanamke mzee.

Tangu siku hiyo hakuna anayemwitikia mayu salamu. Kila asubuhi anasimama kwenye mlango wa jiko lake anasema, "Mwangaluka," tunapita kama hatujasikia, kesho yake anasema tena. Watoto nimewakataza kula kwake. Macho yake ni mekundu, na huku macho mekundu husemwa ni ya mchawi, ninayaogopa, ingawa najua anapikia mabua ya pamba na mavi ya ng'ombe kama sisi sote, kuni huku zimekwisha. Kanisani nikifumba macho namwona yeye. Nilimwendea mchungaji nikamwambia nina vita nyumbani, akanijibu nikaze macho kwa Mungu nisiangalie wanadamu, basi nikaongeza kufunga.

Juzi nilikuwa nyuma ya zizi nikamsikia Constantine akimwambia mume wangu, "Tukiuza pamba, watu wa kazi ile watapatikana. Wewe siku hiyo nenda semina Bariadi, usiwepo."  Mume wangu aliingia ndani akatuongoza maombi.

Mama, nizidi kumwachia Mungu? Nikisema nitavunja ndoa yangu, na ndugu wa kuniunga mkono sina, labda wifi yangu Milembe aliyeolewa Dutwa, ambaye hajaambiwa lolote. Na je, kama kweli ni yeye?

Mama Elia, Nkoma.

JIBU

Mama Elia, pole kwa kufiwa na mtoto. Ipokee pole hiyo vizuri, maana baada yake sina maneno laini. Namba uliyoniachia nimeipiga sana, haipatikani, ndiyo maana barua yako nimeipitisha mbele ya barua zote. Majina na vijiji nimevibadilisha.

Unauliza kama kweli ni yeye. Umeniandikia kwa mkono wako mwenyewe kwamba katika kaya nzima mtu mmoja tu alisema mtoto apelekwe zahanati, na mtu huyo huyo ndiye aliyembeba. Elia alikufa kwa homa, na matibabu yake yalicheleweshwa na wewe na mumeo. Inauma kuisoma, hata mimi imeniuma kuiandika. Lakini naelewa kwa nini kifaranga kiliwafaa: mliokaa mlipumzika, aliyembeba mtoto akabebeshwa pia kifo chake.

Mchungaji wako alikupa neno jema kwa nusu ya habari uliyompa. Mrudie na nusu iliyobaki, mtaje Constantine, kitaje kifaranga. Kukaza macho kwa Mungu si kuyafumba wakati mtu anapangiwa kuuawa uani kwako. Unamtafuta Mungu kwa kufunga, naye amekuwekea mtu mlangoni anayekusalimia kila siku. Acha kufunga. Kula ushibe, una safari.

Mchukue mama mkwe wako leo umpeleke Dutwa kwa wifi yako. Wakiuliza, sema unampeleka akaangaliwe macho hospitali, wala hutakuwa umedanganya, mpeleke kweli. Wifi yako mwambie yote, ni mama yake mzazi. Kisha ninyi wawili nendeni polisi Bariadi, muulize dawati la jinsia, useme ulichokisikia nyuma ya zizi bila kupunguza neno kwa sababu msemaji ni shemeji. Usianzie kwa viongozi wa kijiji kama wamo wa ukoo wenu. Nyanjige asirudi kwenye kaya hiyo hata wakimfuata kwa machozi.

Na ndoa? Mumeo alisikia mama yake mzazi akipangiwa kifo, akaingia ndani kuongoza maombi. Hiyo ndiyo ndoa unayoogopa kuivunja. Akitaka kutubu, akatubu polisi kwanza, Jumapili itamkuta.

Jambo la mwisho. Wewe unapikia nini? Mabua hayo hayo, moshi huo huo. Macho yako yameshaanza safari ya kwenda yalikofika ya mama mkwe wako, na wanao wanakua wakijifunza kwako namna ya kupita mbele ya mwanamke mzee bila kumjibu. Siku moja mke wa mmoja wao ataombwa kifaranga.

Kesho asubuhi, mkiwa Dutwa, mama atasema mwangaluka. Itikia.