Maneno ya Nyambura Niliyoyageuza

Jumatano, 12 Februari 2014. Riyadh
Dawa, chai, kiti cha magurudumu. Nyambura kanisukuma makumbusho, saa za familia. Maandishi ya mawe, milango ya jimbo la Najdi. Miguu imekufa, macho bado yana njaa. Nilisomesha historia Unguja kabla ya kuhamia huku. Nashukuru.

Alhamisi, 13 Februari
Daktari: moyo umechoka. Nimemwomba mwanangu Salim anipeleke Jeddah, niuone mji wa kale. Kakubali.

Basi niandike. Salim kazaliwa huku, Kiswahili hana. Nyambura, Mkenya wetu wa kazi, Kiarabu chake ni yalla na halas. Mimi ndiye ulimi wao. Mwaka jana mkataba ulipokwisha, alitaka kurudi kwa mwanawe. Nilimwambia Salim kwamba Nyambura anaomba miaka miwili tena. Nikamwambia Nyambura kwamba Salim, kafili wake mwenye kutoa ruhusa, amekataa asiondoke. Niliogopa kukosa mtu wa kuzungumza naye. Dhuluma. Sifi nayo.

Jumapili, 16 Februari. Jeddah
Balad, mji wa kale. Nyumba za mawe ya matumbawe, madirisha ya mbao yametokeza barabarani. Unguja tupu! Nimelia kwa furaha.

"Shosho, hizi nyumba zimezeeka kuliko wewe," Nyambura kasema. Shosho ndiyo bibi kwao. Tumecheka mpaka mlinzi akageuka.

Nyumba moja ni makumbusho. Ngazi nyingi. Kanibeba mgongoni hadi juu. Huko nikasema yote.

"Kumbe bosi hakukataa?"

"Hakuulizwa."

"Mtoto wangu anaita nyanyake mum, Shosho."

Kanibeba tena kushuka, polepole. Angeweza kuniacha kule juu.

Jumatatu, 17 Februari
Nimekiri kwa Salim. Kakasirika, kisha kasema atamtolea karatasi ya kuondokea. Nyambura hakutaka nimtafsirie mimi. Haki yake. Tukaenda sote na Salim mtaa wa Ghulail, kwa muuza duka Mzanzibari anijuaye. Kasikiliza, katafsiri, kaniangalia.

"Ah, Bi Zuhura! Na ualimu wote ule?"

Aibu. Lakini kifua chepesi.

Alhamisi, 27 Februari. Riyadh
Kaondoka kwa ndege ya asubuhi. Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba aseme. Kabla ya kufunga begi alinikata kucha, za mikono na za miguu, bila haraka. Nyumba kimya. Sasa hivi huenda keshamkumbatia mwanawe. Alhamdulillahi.