Mama Amesikiliza Sehemu ya Pili

Nyumba ya kona,
Juu ya duka la vitambaa.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Pokea salamu zetu sote. U hali gani huko uliko? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepoa? Na mumeo, kazi za kiwandani zinamwendeaje? Sisi huku tu wazima, ila macho ya Mama. Mtoto wa jicho amezidi, hata uzi kwenye sindano sasa namtungia mimi. Kwa hilo hununa kutwa, unamjua tena, hapendi kushikwa mkono.

Sasa keti vizuri. Kile kitabu chetu kimepata mwenzake! Kile cha binti mfinyanzi na kijana aliyelaaniwa, mchana kivuli, jua likizama mtu. Unakumbuka tulivyokisoma stoo, tumelala juu ya marobota ya vitambaa, wewe umeniziba mdomo nisicheke? Kurasa za mwisho zilikuwa zimechanika, nawe ukawa unatunga mwisho wako, kila siku mwingine, hadi nikawa sijui upi ni wa kitabu na upi ni wa Chiriku. Mama alipotufuma alifoka, "Mapenzi hayapigi pindo!" Akakifungia kabatini pamoja na mikasi.

Basi juzijuzi mteja wangu mmoja, muuguzi, aliweka sehemu ya pili mezani nikimpima gauni. Nikamwomba aniazime. Nilipofungua tu, ile harufu ya karatasi ikanirudisha stoo. Nikatamani uwepo, unisukume kwa kiwiko.

Nilianza kusoma kimyakimya. Mama alikuwa pembeni akichambua vifungo kwa kupapasa, vikubwa huku, vidogo kule. Akauliza, "Unasoma nini hata cherehani imenyamaza?" Nikamwambia ukweli, nikajiandaa kwa karipio. Akasema, "Basi soma kwa sauti. Kimya hiki kinanichosha."

Ikawa ndiyo kawaida yetu ya alasiri, wateja wakipungua. Mume wangu naye aliacha redio anazozitengeneza zikiwa wazi, akaja kutafuta bisibisi, na bisibisi imo mfukoni mwa shati lake. Akakaa.

Chiriku, yule binti amekua! Mara ile alikuwa analia kila ukurasa, akingoja kuokolewa. Safari hii anatoka mwenyewe kwenye mnara aliofungiwa: anaweka viganja ukutani, matofali yanarudi kuwa udongo. Anajifunza kukasirika bila kuchoma, na kukataa bila kuomba radhi. Yule kijana laana imemtoka, amekuwa mfalme, anakuja na farasi kumchukua kama mtungi rafuni. Binti anamwambia, "Yule msichana uliyemwacha darajani hayupo. Ukimtaka huyu, anza kuposa upya."

Mama akapiga paja. "Hapo! Rudia hapo!"

"Sasa jamaa ataposa kweli?" mume wangu akauliza.

"Nyamaza, tusikie."

Tulicheka, mdogo wangu. Zamani ungemsikia Mama akicheka hivyo toka ngazini.

Kisha tukafika kwa mama yake yule binti, yule aliyegoma kumuaga mwanawe alipoondoka. Safari hii, mzee na miguu imevimba, anamfuata mwanawe hadi ng'ambo ya milima, anamwambia, "Sikukukasirikia wewe kwa kuondoka. Nilijikasirikia mimi kwa kuogopa." Mama akaweka vifungo chini. Akainuka, akashika ukuta hadi chumbani kwake, na chakula hakukigusa. Nikajuta kusoma. Wewe na mimi tunajua, tangu ulipomfuata mwanamume ambaye Mama alimkataa, jina lako hakulitamka, na ukipiga hunipa simu kama kaa la moto.

Asubuhi alinikuta hata kifuniko cha cherehani sijakitoa. "Yule mwana alimjibu nini mama yake?"

Nikatafuta ukurasa. Hakumjibu kitu. Alisogea tu kwenye mkeka, akampa nafasi ya kukaa.

Mama akapapasa kiti, akaketi. Halafu akasema, "Siku Chiriku alipoondoka nilifunga dirisha. Mkadhani nimelala. Nilisimama nyuma ya pazia nikisikiliza gari hadi sauti ikapotea." Alisema Chiriku, mdogo wangu. Kwa kinywa chake.

 Nilimshika mkono, na mara hii hakuuondoa.

Ndipo akaniuliza mumeo anaitwa nani. Miaka yote hii, tangu alipomkataa, hakuwahi kutaka kulijua jina lake. Nikamtajia. Akalirudia polepole, kama mtu anayeonja chumvi, kisha akasema, "Jina zuri. Mwambie apige yeye Jumapili, tuongee. Na azungumze taratibu, masikio yangu si ya jana."

Basi mpe simu, mdogo wangu, nawe kaa karibu naye.

Nisalimie wanangu wote wawili, na mama mkwe wako. Mjomba fundi viatu anakusalimu, vilevile shangazi wa ghorofa ya chini, ambaye bado anadai ulimwibia sega. Mungu awafunike kwa rehema zake, kikombe chenu kisikauke.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda jana, leo na kesho,

Dada Mkubwa