Binti Yangu Anataka Nisimame Pamoja na Mwizi Niliyemkamata

Mpendwa Bi Wubbina,

Naomba msaada wako na naomba usinitaje jina gazetini, ingawa wazee wa kituo cha polisi hapa Groningen watanitambua kabla hawajafika katikati ya barua. Nilikuwa polisi hadi nilipostaafu, sikusoma zaidi ya sekondari, na kila jioni naandika shajara, kwa hiyo tarehe nitakazotaja ni za kweli.

Mimi na marehemu mke wangu Aaltje tulijaliwa mtoto mmoja, Hilje, naye ni mwanasosholojia anayechunguza uhalifu, yaani kwa miaka saba amekuwa akienda jikoni kwa watu waliotoka gerezani, anakunywa kahawa yao, anawasikiliza, mwaka unaofuata anarudi tena kwa watu walewale, na mimi nilikuwa nikimtania kwamba baba anawafunga na binti anawapelekea biskuti, naye anacheka, na kila Jumapili ananipigia simu. Sasa amemaliza. Tarehe 12 Novemba atatetea tasnifu yake mbele ya maprofesa, na unajua desturi yetu, anayetetea husimama na wasimamizi wawili, kama wa harusi, waliovaa makoti meusi yenye mkia, mmoja kulia na mmoja kushoto, watu anaowaamini kuliko wote. Tarehe 2 Oktoba alinikuta napika supu ya njegere akaniambia, "Baba, wewe utasimama kulia kwangu." Machozi yalinitoka, nikasingizia vitunguu. Kisha nikauliza wa kushoto ni nani, akasema, "Luppo."

Luppo nilimkamata mara tatu. Mara mbili alikuja kwa amani. Mara ya tatu, tarehe 21 Novemba 1998, nilimshika ukosi ukingoni mwa mfereji akiwa na redio ya mtu kwapani, akanisukuma, nikaangukia kati ya mashua mbili, goti likagonga chuma, wenzangu wakamkamata darajani huku mimi navutwa kwa kamba mbele ya wateja wa baa nzima, na tangu siku ile mpaka nastaafu kituoni waliniita Bata. "Bata, leo maji yana joto gani?" Miaka yote hiyo.

Nikamwambia Hilje achague, Luppo au mimi. Akasema, "Nimeshachagua, Baba. Nimewachagua wawili." Nikamuuliza kwa nini asitafute watu wa heshima, akaweka kijiko chini. "Nilipokuwa mdogo, kila jioni ulituletea mezani habari ya mtu uliyemkamata. Kesho yake nilikuwa nangoja utuambie baadaye ikawaje. Hukuwahi kusema. Basi nikaenda kuuliza mwenyewe."

Tarehe 5 alimleta Luppo mwenyewe, ana mvi siku hizi, anatengeneza baiskeli karibu na soko, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, akasema, "Afande, goti linaendeleaje?"

"Liko palepale ulipoliacha."

"Nisamehe, Mzee. Nilitaka kukuomba radhi zamani, lakini kila nikikuona sokoni unavuka barabara."

Nikatoka nje kulisha kuku. Niliporudi walikuwa wamekwisha kuondoka. Jumapili mbili zimepita na simu haijalia. Ukumbini watakuwepo wazee wa kituo, wamealikwa, sasa nitasimamaje hapo na mtu aliyenifanya Bata? Na nisiposimama, nitakuwa wapi siku hiyo? Nishauri.

Mwenye Goti, 19 Oktoba

*

Ndugu Mwenye Goti,

Pole kwa goti na hongera kwa binti. Nimeanza na goti kwa sababu naona kwako ndilo linalotangulia.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Nimejua rangi ya koti, nimejua ulipika supu gani, nimejua hata mwizi alibeba nini kwapani. Sikuona neno hata moja juu ya kilichomo katika kitabu cha tasnifu ya mwanao. Miaka saba ya kazi! Umekisoma? Nadhani kipo mahali fulani jikoni kimefunikwa na gazeti, na naomba lisiwe hili.

Sikiliza. Kazi yako ilikuwa kumkamata mtu, na naamini uliifanya vizuri. Kazi ya Hilje inaanzia pale ulipofunga mlango wa seli ukaenda zako kula. Swali lake hakulipata chuoni, alilipata mezani kwako. Wewe ndiye uliyemfanya mwanasosholojia, halafu leo unasusia sherehe ambayo nusu yake ni yako!

Wazee wa kituo watacheka, ndiyo. Waache wacheke. Hakuna hata mmoja wao aliyeombwa kusimama popote.

Luppo sikuambii umpende. Alikukosea, na maji ya Novemba si mzaha. Lakini amekuja kwako, amevua viatu, ameomba radhi, na wewe ukakimbilia kwa kuku. Mtu mzima!

Basi fanya hivi. Leo, usingoje Jumapili, mpigie Hilje wewe. Usimtolee hotuba. Mwambie, "Nasimama kulia," unyamaze. Kisha ukisome kitabu chake chote, na majedwali usiyaruke. Makoti mkayakodi duka moja, siku moja, wewe na Luppo, na wewe ndiye wa kumwalika. Ukiniandikia tena, nataka habari za Hilje. Za goti zimenitosha.

Wubbina

*

Mpendwa Bi Wubbina,

Kilikuwa juu ya friji, chini ya gazeti lako.

Hilje nimempigia, na kitabu nimekisoma chote. Hilje ameandika kwamba wengi wao hawakuacha wizi siku waliyokamatwa wala siku waliyofunguliwa, waliacha polepole, pale walipopata mtu anayewangoja kwa chakula. Majina yote ameyabadilisha. Lakini kuna mmoja anayesema kwamba kila akimwona polisi wake wa zamani sokoni, hunyoosha mgongo na kuinua spana juu, ili yule polisi aone kwamba yuko kazini. Hapo nilifunga kitabu. Mimi nilikuwa navuka barabara.

Dukani tulipokwenda kukodi makoti, Luppo alijitazama kwenye kioo akasema, "Afande, sasa tumekuwa mabata wawili." Nilicheka mpaka kifungo kikakatika.

Ukumbi ulijaa tarehe 12. Profesa mmoja mgeni, mwanamke mkali, alimbana Hilje: "Utajuaje kwamba watu hawa hawakudanganyi?" Hilje akamjibu, "Wananidanganya, Profesa. Mwaka wa kwanza walinidanganya wote. Ndiyo maana nilirudi wa pili." Ukumbi mzima ukacheka, na profesa akaandika kitu.

Kisha profesa huyohuyo akataka msimamizi wa kulia asome hoja ya mwisho kati ya zile hoja fupi ambazo kwetu huambatanishwa na tasnifu. Nikasimama. Luppo alinisogezea karatasi. Nikasoma kwa sauti yangu ya kituoni: "Ripoti ya polisi huishia pale ambapo mtoto wake huanza kuuliza." Wazee wa kituo walipiga mapaja, mmoja akafuta macho. Mara mshika fimbo wa chuo, anayechunga saa, akaingia, akagonga sakafu, akatangaza kwamba muda umetimia. Maprofesa walitoka, wakarudi, na binti yangu akawa Dokta. Alinikumbatia mimi kwanza, halafu Luppo, halafu sote wawili kwa pamoja, na mkia wa koti langu ukachanika.

Baadaye mpiga picha alitupanga ukingoni mwa mfereji, uleule. Wazee wakapiga kelele, "Bata, chunga!" Luppo akaninong'oneza, "Mzee, pita huku ndani. Upande wa maji nitakaa mimi."

Nikamwambia abaki alipo.

Picha nimeitundika sebuleni. Hilje yuko katikati ameshika cheti chake, Luppo yuko ndani, upande wa ukuta wa nyumba, na aliyeyapa maji mgongo ni mimi. Jina langu sasa unaweza kulitaja.

Roelf Bolhuis, Bata, baba yake Dokta Hilje