Waonjaji Wanane

Jimma, Hidar 6

Dada yangu Etagegn,

Hujambo? Na mwanangu Meklit, anakula? Mimi mzima wa mwili, roho ndiyo haijatulia.

Wazee wanane wameonja kahawa niliyoikausha kwenye vichanja na ile niliyoianika ardhini, kwa ajili ya utafiti wangu wa chuo. Nimelinganisha wastani wa alama zao: hakuna tofauti ya maana! Mwalimu wangu anasema kama sina cha kutetea mbele ya watahini, nisubiri mavuno ya mwakani. Mwaka mzima tena mbali na mwanangu, dada!

Mchawi wangu ni Abba Jobir. Wenzake wanatoa sabini, themanini katika mia. Yeye anakunja uso: "Hii nayo mnaiita kahawa? Haya si ni maji ya kuoshea sufuria!" Anatoa kumi na tisa. Nimtoe tu?

Mdogo wako,
Wubit

Bahir Dar, Hidar 19

Mdogo wangu Wubit,

Sisi hatujambo. Meklit ndiye anayemaliza mchuzi wa shiro humu ndani.

Ukimtoa huyo mzee, usije ukanipigia hodi. Una watu wanane tu, halafu unakimbilia wastani kana kwamba una mia! Kwa wachache hivyo, mkali mmoja anawavuruga wote. Tena umezirundika alama kumi na sita kama vile walioonja ni kumi na sita. Si kila mmoja alionja zote mbili? Basi mlinganishe na nafsi yake. Zipange tofauti zao kwa ukubwa, bila kujali nani alipenda ipi, ndogo kabisa iwe ya kwanza, kubwa kabisa ya nane. Kisha jumlisha nafasi za waliopenda kichanja, na za waliopenda ardhi kando. Ndilo jaribio la Wilcoxon la jozi, nimelifundisha hadi sauti ikakauka.

Ila tunalichagua kwa sababu ndivyo walivyoonja, si kwa sababu unamtaka mtoto. Nalo likikataa, utaandika limekataa. Sitaki nisikie unahama jaribio hadi jaribio.

Dada yako,
Etagegn

Jimma, Tahsas 23

Dada yangu,

Salamu kwenu nyote. Niko salama, na leo nimelala mpaka jua likaniamsha.

Saba wamependa kichanja! Aliyekataa ni mmoja, kwa alama moja tu. Na Abba Jobir, dada, ndiye mwenye tofauti kubwa kuliko wote: ardhi kumi na tisa, kichanja thelathini na moja. Kumbe kwake hiyo ni sifa! Bahati tupu ingeleta matokeo kama haya chini ya mara mbili katika mia.

Jana nimetetea utafiti wangu. Mtahini mmoja akaniuliza, "Binti, watu wanane ndio nini?" Nikamjibu ni wachache, ndiyo maana nimechagua jaribio la wachache. Akacheka, akatia saini. Nikalia palepale mbele yao, wala sikuona aibu.

Usijibu barua hii. Itanitangulia siku chache tu, tiketi ya basi ninayo mkononi. Meklit usimwambie kitu. Nataka nione kama atanijua.

Mdogo wako,
Wubit